Mmea Usio na Mizizi Wala Majani: Silotumu katika Somo la Sehemu za Mmea

Hakuna mada ya Sayansi iliyozoeleka katika shule za msingi kuliko ile ya sehemu za mmea. Mwalimu huchora mhindi au mharage ubaoni, akaonyesha kwa mishale mizizi, shina, majani, ua na tunda, kisha wanafunzi wakanakili katika madaftari yao. Somo ni jepesi, zana zake zimejaa nje ya dirisha, na mwanachuo aliyepewa kipindi chake cha kwanza cha mazoezi ya kufundisha hulifurahia. Nia ya makala haya si kulipinga somo hilo. Nia yake ni kumfikisha mwanachuo mbele ya mmea mmoja ambao mchoro ule wa ubaoni hauuenei, na kujadili mwalimu afanye nini anapokutana na mmea wa namna hiyo.

Jina la kitaalamu la mmea huo ni Psilotum nudum. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki, na maana yake ni kitu kitupu, kisicho na nywele. La pili ni la Kilatini, nalo maana yake ni uchi. Kwa hiyo wataalamu wameuita mtupu aliye uchi, kana kwamba kulisema jambo mara moja hakukutosha. Linnaeus wa Sweden aliuorodhesha mwaka 1753, ingawa wakati huo aliuweka katika jamii nyingine. Katika makala haya tutauita silotumu. Mwanachuo akikuta wenyeji wa mahali anapofundisha wana jina lao, alitumie hilo kwanza, ndipo alete hili la kigeni.

UMBO LAKE

Silotumu ni kishada cha vijiti vya kijani, vyembamba kama njiti za ufagio wa chelewa, ambavyo mara nyingi havifiki urefu wa nusu meta. Waingereza wameupa jina la fagio dogo la kukung'utia vumbi, na atakayeuona ataelewa mara moja kwa nini. Kila kijiti huinuka kikiwa kimoja, kisha hugawanyika kuwa viwili vilivyo sawa, kama panda ya manati. Kila kimoja cha hivyo hugawanyika tena, na tena, hata juu kabisa kukawa na ncha nyingi zilizosimama pamoja.

Mgawanyiko huu wa sawa kwa sawa si wa kawaida katika mimea tunayoishi nayo. Ukiutazama mwarobaini utaona shina kuu linaloendelea kwenda juu, na matawi yakitoka ubavuni mwake. Katika silotumu huwezi kusema hili ni shina na hili ni tawi lake, kwa maana yote mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mwalimu wa Hisabati naye anaweza kuuazima mmea huu kwa dakika chache: mmoja, wawili, wanne, wanane.

Ukipitisha kijiti cha juu kati ya vidole utahisi kingo tatu. Juu ya kingo hizo vimetawanyika vigamba vidogo mno, vya milimita moja au mbili. Mwanafunzi mwenye macho makali atavionyesha na kusema, "Mwalimu, ndiyo hayo majani yake." Hapo pana jambo la kufundisha. Jani, hata liwe dogo kama la mlonge, lina mshipa unaoingia kutoka shinani, ukipeleka maji na kurudisha chakula kilichotengenezwa. Kigamba cha silotumu hakina mshipa wowote ndani yake. Ni kipande cha ngozi ya shina kilichojitokeza nje, basi. Kazi ya jani, yaani kutengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi, hufanywa na kijiti chenyewe. Umbijani umo katika sehemu yake ya nje, na vile vitundu vya kupitishia hewa ambavyo tumezoea kufundisha kwamba viko chini ya jani, hapa viko kwenye shina.

Hauna ua, hauna tunda, hauna mbegu. Badala yake, kwenye ubavu wa vijiti vya juu hutokea vifundo vya mviringo, na kila kimoja kina vyumba vitatu vilivyoungana, mfano wa mafiga matatu yaliyosogezwa hata yakagusana. Vikiwa vichanga ni vya kijani, na vikikomaa hugeuka rangi ya manjano. Kisha hupasuka kwa nyufa tatu na kumwaga vumbi laini. Vumbi hilo ni spora, na upepo ndio mchukuzi wake. Hapa mwanachuo awe mwangalifu asiwaambie wanafunzi kwamba spora ni mbegu ndogo. Mbegu ya harage ina mtoto wa mmea tayari ndani yake, pamoja na chakula cha safari. Spora ni seli moja tu, isiyo na mtoto wala mfuko wa masurufu wa namna ile.

Mmea huu hupatikana katika nchi nyingi za joto, Afrika ya Mashariki ikiwamo, na umefika mpaka kusini ya Japani na ncha ya kusini ya Hispania. Hupenda mahali penye unyevu na kivuli cha kadiri: panda za miti, mashina ya jamii ya michikichi na minazi ambako mabaki ya makuti yameoza na kuwa udongo, nyufa za miamba na kuta kuukuu. Wakati mwingine hujiotea wenyewe katika vyungu vya maua, na mwenye bustani huung'oa akidhani ni gugu. Kuota juu ya mti kusimfanye mtu aseme kwamba silotumu ni kupe wa mti huo. Imepanga chumba tu. Chakula haiombi kwa mwenye nyumba.

Asije mwanachuo akaihesabu katika jamii ya kuvumwani zile zinazoota ukutani wakati wa masika. Kuvumwani nazo hazina mizizi ya kweli, lakini hazina pia mishipa imara ya kusafirisha maji, ndiyo sababu hubaki fupi zikishikamana na unyevu. Silotumu inayo mishipa hiyo katikati ya shina, kuanzia chini mpaka juu, ndiyo maana inaweza kusimama.

CHINI YA ARDHI

Ukiuchimba mmea huu polepole, huku ukiukung'uta udongo kwa maji, utakuta vijiti vya rangi ya kahawia vilivyolala na kugawanyika panda panda, vimejaa vinyweleo vifupi. Karibu kila mtu ataviita mizizi. Kwa nini basi wataalamu wakatae?

Mzizi wa kweli una alama zake. Ncha yake imevikwa kofia ngumu kiasi, inayoilinda inaposukuma udongo, na matawi ya mzizi huzaliwa ndani kabisa ya mzizi mama, yakatoboa njia kutoka nje. Vijiti vya chini vya silotumu havina kofia hiyo, na hugawanyika kwenye ncha kama vile vya juu. Ni shina lilelile, ila hili limeamua kulala. Tena hata mtoto wa silotumu, katika siku zake za kwanza kabisa, hana mzizi. Mmea mzima tangu kuzaliwa mpaka kufa haupati hata mmoja.

Maji na chumvichumvi vinaingiaje basi? Jibu ni kuvu. Ndani ya seli za shina lile la chini huishi nyuzi nyembamba za kuvu, ambazo huingia na kutoka kupitia vinyweleo, zikatambaa mbali katika udongo mahali ambapo mmea wenyewe usingefika. Kuvu huleta maji na madini. Mmea, kwa upande wake, hutoa chakula kilichotengenezwa juu kwenye mwanga. Wanafunzi wetu wengi wamefundishwa kwamba kuvu ni adui: huozesha mahindi ghalani, huharibu mkate, huleta choa mwilini. Yote hayo ni kweli. Lakini mimea mingi sana duniani, pamoja na mahindi yale yale, hushirikiana na kuvu udongoni, na silotumu ni mfano unaolionyesha jambo hilo waziwazi kwa sababu haina mizizi ya kuuficha ushirika huo.

Sehemu ya maisha yake iliyo ya ajabu zaidi haionekani kabisa. Spora ikiangukia mahali pafaapo haioti silotumu. Huota kitu kingine: kijiti kidogo cha kahawia, cha milimita chache tu, kisicho na umbijani hata chembe, kinachoishi gizani chini ya udongo au ndani ya magome yaliyooza. Hakioni jua maisha yake yote. Hulishwa na kuvu. Juu ya kijiti hicho ndipo yanapotengenezwa mayai na mbegu za kiume. Mbegu hizo zina vijimkia vingi, nazo huogelea katika utando mwembamba wa maji mpaka zilifikie yai. Yai likirutubishwa, ndipo unapoanza mmea wa kijani tunaoujua. Kwa hiyo silotumu huishi maisha mawili, moja la gizani na moja la mwangani, na ukame ukizidi wakati wa lile la gizani, la mwangani halitokei.

Watu waliujua mmea wa juu kwa muda mrefu sana kabla ya kumjua mwenziwe wa chini. Maelezo ya kina kuhusu kijiti hicho cha gizani yalichapishwa mwaka 1917 na A. A. Lawson, aliyekuwa akifanya kazi Sydney, Australia. Tangu Linnaeus ilikuwa imepita miaka 164.

MZEE WA KALE, AU MRITHI ALIYEACHA MALI?

Mwaka huohuo wa 1917 kulichapishwa habari nyingine iliyoubadilisha mjadala wote. Katika kijiji cha Rhynie, huko Uskoti, yalikuwa yamepatikana mawe magumu yenye mabaki ya mimea iliyogandishwa ndani yake miaka milioni 407 hivi iliyopita, ikiwa imehifadhiwa vizuri kiasi kwamba seli zake zaonekana. Robert Kidston na William Henry Lang waliieleza mimea hiyo kati ya mwaka 1917 na 1921. Mmoja waliuita rinia, kwa jina la kijiji. Rinia ilikuwa na vijiti vyembamba vilivyogawanyika panda panda, bila majani, bila mizizi, ikiwa na vinyweleo tu chini na vifuko vya spora kwenye ncha.

Mtu yeyote aliyekuwa ameiona silotumu hakuweza kujizuia kusema: huyu hapa, yungali hai! Kwa miongo mingi vitabu vya elimu ya mimea viliiweka silotumu kwenye ngazi ya kwanza ya mimea yenye mishipa, kama babu aliyesahauliwa na kifo. Ilikuwa hoja yenye mvuto. Hata hivyo tangu mapema palikuwa na mambo yaliyosumbua. Rinia ilibeba vifuko vyake kwenye ncha za vijiti, silotumu hubeba ubavuni. Na kati ya mawe ya Rhynie na silotumu ya leo hapakuwa na mfuatano wa visukuku wa kuwaunganisha wawili hao katika muda huo wa kutisha.

Kisha kuna suala la vigamba. Silotumu ya kawaida, tumekwisha kuona, ina vigamba visivyo na mshipa. Ndugu yake mmoja, Psilotum complanatum, mwenye vijiti bapa, ana mshipa unaofika kwenye tako la kigamba na kukomea hapo. Ndugu mwingine wa mbali kidogo, timesipterisi wa Australia, New Zealand na visiwa vya Pasifiki, ana vijani vya kweli vyenye mshipa mmoja ndani. Watatu hawa wakipangwa kwa safu hutoa picha nzuri sana ya jinsi jani lilivyozaliwa: kwanza kigamba, kisha mshipa ukakaribia, kisha ukaingia. Wataalamu wengi waliisoma safu hiyo hivyo. Lakini safu hiyohiyo yaweza kusomwa kutoka upande wa pili, kwamba jani lilikuwapo, mshipa ukarudi nyuma, na mwisho kikabaki kigamba. Ushahidi ni mmoja, hadithi mbili. Mwanachuo alitafakari jambo hili, kwa sababu darasani hutokea mara nyingi zaidi ya tunavyodhani.

Kilichokata shauri kilikuwa DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika seli. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti walianza kulinganisha maandishi ya mimea mbalimbali, kama vile mtu anavyolinganisha nakala za barua ili ajue ipi ilinakiliwa kutoka ipi. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2001 na Kathleen Pryer na wenzake ulionyesha kwamba silotumu imo katika ukoo wa makangaga. Jamaa zake wa karibu kabisa ni makangaga madogo ya ajabu ambayo jina lao la kitaalamu maana yake ni ulimi wa nyoka, na ambayo baadhi yake hupatikana katika nchi zetu pia. Nao wana mizizi isiyo na vinyweleo, nao hutegemea kuvu, nao sehemu yao ya gizani huishi chini ya udongo bila umbijani. Mtu akishaonyeshwa, ufanano wa kifamilia hauna kificho.

Maelezo yanayokubaliwa zaidi leo, basi, ni kwamba wahenga wa silotumu walikuwa na majani na mizizi, na wazao wakaviacha. Mmea ulioonekana kuwa babu kizee kumbe ni mjukuu aliyeuza samani za nyumba akabaki na mkeka. Na hakuharibikiwa kwa kufanya hivyo, kwani kuvu wanamletea maji na shina linampikia.

Jambo moja la kuongezea hapa. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba timesipterisi mmoja wa New Caledonia, mmea mdogo usiovuta macho ya mtu, ndiye kiumbe mwenye jenomu kubwa kuliko zote zilizopata kupimwa: herufi za urithi zipatazo bilioni 160, zaidi ya mara 50 ya zile za mwanadamu. DNA ya seli yake moja ikinyooshwa yaweza kufikia urefu wa meta 100 hivi. Ukubwa huo si kipimo cha cheo, na asitokee mtu akasema kwamba timesipterisi ni mwerevu kuliko sisi. Lakini wale wanaoutazama mmea kwa nje wakasema ni sahili wana la kujibu.

Kwa sababu hiyo nashauri tuliache neno duni. Wapo walimu, na yapo madaftari ya wanachuo, yanayoigawa mimea kuwa duni na bora, kuvumwani na makangaga upande mmoja, mwembe na mhindi upande mwingine. Mgawanyo huo humfanya mtoto aone ngazi pale ambapo pana mti wenye matawi mengi, yote yakiwa hai leo, yote yakiwa na umri uleule tangu shina la mwanzo. Ikiwa twataka kusema kwamba mmea hauna maua, tuseme hauna maua.

DARASANI

Katika ziara moja ya kukagua mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya Darasa la Nne nikimsikiliza mwanachuo akifundisha sehemu za mmea. Mchoro wake ulikuwa safi, sauti yake ilifika. Alipouliza kama kuna swali, mtoto mmoja alisimama: "Mwalimu, na ule unaoota kwenye mnazi wa kisimani, mbona hauna majani?" Mwanachuo akamjibu, "Ule si mmea hasa. Kaa chini." Mtoto akakaa. Kipindi kilichobaki chote hakunyoosha mkono tena.

Baada ya kipindi tulikwenda kisimani pamoja, na mnazi ulikuwa na kishada kizuri cha silotumu mahali ambapo kuti la zamani lilikuwa limevunjika. Mwanachuo akaniuliza swali la haki kabisa: "Lakini mtihani utawauliza sehemu kuu za mmea. Nikiwachanganya na huu, watajibu nini?" Jibu langu lilikuwa, na bado ni, neno moja. Aseme mimea mingi ina mizizi, shina na majani. Neno mingi halimkoseshi mtoto alama hata moja katika mtihani, na linamwachia mlango wazi yule mwenye swali la kisimani.

Jambo la pili ni kuligeuza swali. Tumezoea kuuliza, "Mizizi iko wapi? Majani yako wapi?" na mtoto hunyoosha kidole. Swali hilo likiletwa kwenye silotumu hufa papo hapo. Afadhali kuuliza, "Mmea huu unapataje maji? Chakula chake kinatengenezewa wapi? Unaeneaje kutoka mti mmoja hadi mwingine?" Maswali haya hufaa kwa mhindi na kwa silotumu sawasawa. Mtoto aliyejifunza sehemu kwa kazi zake anaweza kukutana na mmea asiopata kuuona na bado akawa na la kuuliza.

Ili kufuata kanuni yetu ya kutoka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana, nashauri mwalimu asianze na silotumu. Aanze na mnyaa, ule wa ua, ambao kila mtoto anaujua: vijiti vya kijani, majani yake madogo hupukutika mapema, na shina ndilo linalofanya kazi ya jani. Kisha alete mlangamia, unaotambaa juu ya vichaka kama uzi: hauna majani ya kuonekana, na baada ya kumkamata mwenyeji wake huuacha mzizi wake ufe, ukanyonya kwake. Mmoja hauna majani, mwingine hauna majani wala mzizi udongoni. Wakishavijadili viwili hivi ndipo silotumu iletwe mezani. Hapo wanafunzi wenyewe watauliza kama nayo hunyonya, na hilo ndilo swali tunalolitaka. Ajabu nyingine itakayowangoja ni kwamba mnyaa na mlangamia hutoa maua na matunda, kwa hiyo kufanana kwa sura na silotumu si udugu.

Kazi ya vikundi ifanywe kwa lenzi ya mkono na karatasi. Kila kikundi kipewe kijiti kimoja tu. Kishada kizima kisichabuliwe mtini, maana hukua polepole. Wahesabu mara ngapi kijiti kimegawanyika. Wasugue kipande chake kwenye kitambaa cheupe, kando yake wasugue jani la muhogo, walinganishe madoa ya kijani. Vifundo vilivyogeuka manjano viwekwe juu ya karatasi nyeusi, mahali pasipo upepo, mpaka kesho yake, vumbi litaonekana. Kangaga lenye madoa ya kahawia chini ya jani likiwekwa juu ya karatasi nyeupe kwa muda huohuo litatoa vumbi lake nalo, na ndugu wawili watakuwa wametambulishwa bila hotuba.

Mwanachuo asijaribu kuotesha spora za silotumu darasani. Zinahitaji giza, kuvu na subira ya miezi mingi, na wanafunzi watakuwa wamehama darasa. Kipande cha shina la chini kikipandwa katika kifuu cha nazi kilichotobolewa, kwa mchanganyiko wa makumbi yaliyooza na mchanga, kikawekwa kivulini na kunyunyiziwa maji, kina nafasi nzuri zaidi ya kushika. Kifuu hicho kikae katika kona ya Sayansi, na mtoto mmoja apewe zamu ya kuandika kila juma kilichobadilika.

Kama dakika zimebaki, wasimuliwe mchezo wa watoto wa Hawaii. Huko mmea huu huitwa moa, neno ambalo pia maana yake ni kuku. Watoto wawili walikuwa wakishika kila mmoja kijiti chake, wakanasisha panda kwa panda, wakavuta. Ambaye kijiti chake kilikatika alishindwa, na mshindi aliwika kama jogoo. Wazee wao walitumia vumbi la spora kama poda ya kuzuia michubuko ya nguo. Wajapani nao waliupanda katika vyungu kama pambo tangu enzi za Edo, wakikusanya aina zake zilizojipinda au kugeuka rangi, na watu walizilipia. Sioni ubaya wa darasa zima kuwika mara moja, mradi chumba cha jirani hakina mtihani.

Asiyepata silotumu mahali alipo asikate tamaa. Mnyaa, mlangamia na kangaga vitamtosha kwa sehemu kubwa ya somo, na silotumu yaweza kuchorwa. Ila mnyaa ukatwe na mwalimu mwenyewe kabla ya kipindi, mbali na watoto, na usisuguliwe kwenye kitambaa kama ile mingine, kwa sababu utomvu wake mweupe huunguza ngozi na ukiingia jichoni huleta madhara makubwa. Anayeushika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chaki.